Firigisi ya Marehemu

Kwao Namboboto mtu akifa, hata awe mwizi wa kuku, watu huweka majembe chini wakaenda. Ndiyo sababu Jumapili ile mzee Methuselah Okwara aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti lake la kanisani, akafunga kilo ya sukari katika kitambaa, akamwita binti yake.

"Nerima, jitayarishe. Tukitoka kanisani twende Busia tukampe pole yule mama."

"Mama gani, baba?"

"Mama ya Dauda. Huyo kijana amekufa."

Nerima alishikilia mlango. "Nani amesema?"

"Kuku amesema." Mzee alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Wazee sita wamekaa kwangu jana tangu saa sita mpaka giza. Kuku amechinjwa. Mgeni hakuja, wala hakutuma neno. Mtu mwenye akili yake hawezi kufanya hivyo. Ameangukiwa na lori. Mimi simpendi, na wewe unajua simpendi, lakini maiti sitaisema vibaya."

Nerima alikuwa mshonaji, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na hakuwa na machozi ya karibu. Asubuhi ile aliogopa kwamba Dauda amekufa. Kufika njia panda, wakisubiri basi, alianza kuogopa kwamba hajafa.

Kwa maana kama yu hai, basi yale yaliyofanyika Jumamosi hayakuwa na jina.

Mwaka mzima mzee alikuwa amekataa. Alikuwa amesema hatamtoa binti kwa Mwislamu wa mjini, tena fundi wa redio, mtu ambaye kazi yake ni kufufua sauti za watu wasiokuwepo. Huko Burumba, mtaa wa Busia, mama yake Dauda, Bi Kadija, naye alikuwa amesema vya kwake: ati mwanawe hakulelewa ili aoe katika mashamba ya pamba, kwa watu wanaonuka mihogo. Maneno hayo yalimfikia Nerima siku ya tatu ya mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, mbele ya duka la vitambaa, na aliyeyaleta alikuwa na kilemba cha kijani. Nerima hakuandika popote. Kichwa chake kilitosha.

Halafu, baada ya mavuno, mzee akalainika. Hakuna aliyemlazimisha. Ijumaa alikwenda Funyula kwa miguu, mwendo wa kuchosha kijana, akamtafuta mzee Abdallah pale sokoni. "Kesho nina mgeni wa dini yako," akamwambia. "Nataka kuku wake achinjwe kwa mkono anaoujua." Akanunua na sufuria mpya, isije ikasemwa kwamba chakula cha mgeni kimepikwa katika chungu kilichowahi kuona nguruwe. Mzee Abdallah akaja Jumamosi asubuhi, akachinja, akasoma dua yake, akanywa chai, akaondoka kwa heshima. Firigisi ikatengwa. Kwa watu wale firigisi haigawanywi wala haionjwi na mwanamke. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa siku hiyo, na ukimpa mgeni umemwambia, bila maneno, kwamba umekubali.

Ikakaa kwenye sahani, imefunikwa, mpaka nzi wakachoka.

Jioni hiyo mama yake Nerima aliikausha juu ya moto. Asubuhi Nerima akaitia katika mkebe wa majani ya chai, akaufunga kwa kifuniko. Hakumwambia mtu kwa nini.

*

Basi liliwachelewesha njiani, kwa hiyo walifika Burumba kwa senge Petronilla saa kumi imepita. Huyo ni shangazi, dada ya mzee, mjane, ambaye Nerima alikaa kwake siku za kazi na kushonea nguo barazani. Petronilla alimwona kaka yake na koti jeusi na kifurushi cha sukari, akapiga magoti kusalimu.

"Nani amekufa, mwana wa mama?"

"Mkwe," mzee alisema, akakaa. "Yaani, angekuwa."

Petronilla alimtazama Nerima. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Marehemu wako," alinong'ona, "nilimwona jana saa kumi. Yuko juu ya paa la Bashir, amekumbatia ule mti wake wa chuma kama nyani."

"Ulimwona kwa macho?"

"Na nikamwuliza. Nikamwambia, Dauda, wewe si unatakiwa kwa wakwe leo? Akasema, senge, picha imekataa. Nikimaliza nitaenda. Wazee hawana haraka."

"Alisema hivyo? Wazee hawana haraka?"

"Usinifanye shahidi, mwanangu. Mimi nataka arusi. Lakini alisema."

Nerima alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akakaza. Akachukua ule mkebe.

"Mwambie baba nimeenda kuulizia kama kuna matanga," alisema. "Asiondoke."

*

Duka la Bashir lilikuwa hatua chache kutoka barabara ya mpakani. Mbele aliuza mafuta ya taa, sabuni na mablanketi. Nyuma alikuwa na chumba, na ndani ya chumba televisheni, iliyonunuliwa mwaka ule ambao kahawa ilivuka mpaka kwa magendo hadi mbwa wakaacha kuibwekea. Iliendeshwa kwa betri mbili za lori. Na kwa sababu Busia imekaa katikati ya nchi mbili, kulikuwa na mlingoti wa bomba uliopitishwa dirishani hadi juu ya paa. Ukiuelekeza mashariki unapata stesheni ya upande huu. Ukiuelekeza magharibi, unapata ya ng'ambo. Aliyeweza kuugeuza bila kupoteza picha ni mmoja tu, Dauda, na kwa ajili ya kipaji hicho wanaume wa Burumba walimwita profesa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kizungu, wa watu waliohama dunia wakawa wanazunguka angani ndani ya chombo wakitafuta pa kutua. Wameanza kutafuta mwaka wa sabini na mbili, na mwaka ule wa sabini na saba bado hawajatua. Busia hawakujali jina lake; waliuita "Wale wa Juu." Jumamosi walionyeshwa na stesheni ya upande huu, Jumapili na ya ng'ambo, saa kumi na moja siku zote mbili, na saa hiyo ungeweza kuiba ng'ombe Burumba na wenyewe wakakusaidia kumsukuma, ilimradi usizibe kioo.

Nerima alisimama mlangoni. Wanaume kumi na mmoja, wote wenye ndevu, wengine wenye wake wawili. Alijua paa za nyumba zao, zipi zinavuja. Alijua nani amemwacha mama yake Budalang'i na maji ya mto Nzoia yamefika kitandani. Hapa walikuwa wamekaa mbele kabisa, vichwa vimekaribiana, kama kamati ya maziko.

"Mimi nasema amekufa!" Huyo alikuwa Ochom, dereva wa lori kutoka Malaba, ambaye kila Jumapili aliacha mzigo mpakani kwa ajili ya mchezo huu. "Jumapili ile mlango ulifunguka, Rubani akavutwa nje, huko hakuna hewa. Wewe utakaa nje bila hewa wiki sita?"

"Na Jumamosi anakunywa chai!" akapinga Bashir. "Jana tu, kabla picha haijapotea, nimemwona kwa macho yangu ameshika kikombe."

"Huyo ni pacha yake," Ochom alisema.

"Pacha gani, boss?" mwingine akadakia. "Ni mashine. Wametengeneza mashine yenye uso wake. Mwangalie koo. Anakunywa lakini hamezi."

Wote wakaguna kwa heshima, kama watu waliosomewa aya.

Mwalimu Mukhwana, aliyekuwa na shati la mikono mirefu na kalamu mbili mfukoni, aliinua daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kila kipindi, Jumamosi na Jumapili, kwa kufuatana. "Ndugu zangu, tumieni akili. Jumapili amekufa, Jumamosi yu hai, Jumapili wanamlilia, Jumamosi anacheka. Maana yake ni moja. Kule juu siku hazitembei kama zetu. Siku zinarudi nyuma. Mtu anakufa, halafu anaamkia jana."

"Mwalimu!" Ochom alipiga goti lake. "Anaamkia jana!"

"Na yule anayegonga mlango kutoka nje tangu wiki tatu?" mwalimu akaongeza. "Ni yeye. Leo Kapteni atafungua. Leo tutajua kama amekufa au hajakufa."

"Hata kwetu," Nerima alisema, "tulikuwa na mjadala kama huo."

Vichwa viligeuka.

Dauda alikuwa kando ya dirisha, mikono yote miwili kwenye mlingoti, suruali yake ya bugaluu imepanuka miguuni kama kengele mbili. Alimwona. Kikatokea kile kitu ambacho Nerima alikuja amejiandaa kukipiga teke na bado kikampiga yeye: macho ya yule mtu yakawaka, kwa furaha safi, ya kijinga, kama mtoto aliyeletewa ndizi. Hakuwa na hatia usoni. Hata kidogo. Na kwenye kidole gumba chake kulikuwa na lile kovu la kuunguzwa na risasi ya kuunganishia nyaya, ambalo Nerima alikuwa amelibusu siku moja tu, tarehe kumi na nne Juni, nyuma ya soko, na ambalo hadi leo aliliona hata akifumba macho.

"Nerima! Karibu, karibu. Umekuja wakati mzuri, yaani—"

"Dada, karibu," Bashir akadakia, "lakini usisimame mbele ya kioo."

Nerima akaenda akasimama mbele ya kioo.

"Kwetu Namboboto," alisema, "tangu jana wazee sita wanauliza: Dauda amekufa au hajakufa? Kuna waliosema ni lori. Kuna aliyesema pengine ni tumbo. Hakuna aliyesema mashine. Sisi ni watu wa mihogo, hatukufikiria mashine."

Ochom akacheka peke yake, akaacha.

"Jumamosi," Dauda alisema polepole. "Ya Allah. Nerima, mimi nilikuwa nakuja. Upepo ulipinda mlingoti asubuhi, nikasema nitengeneze halafu niondoke. Halafu picha ikaanza kukataa..."

"Na wazee hawana haraka."

Uso wake ukashuka. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Kupitia senge." Alifungua mkebe, akautua juu ya televisheni. "Unajua hii ni nini?"

Wale wa kutoka shambani waliangalia chini, waliijua.

"Ni firigisi," Mwalimu Mukhwana alisema kwa sauti ndogo.

"Asante, mwalimu. Kumbe kuna kitu unajua. Baba yangu ana miaka sitini na nane. Alikwenda Funyula kwa miguu kutafuta Mwislamu wa kuchinja, kwa sababu alisema mgeni asile kwa wasiwasi. Alinunua sufuria. Baba yangu! Mtu ambaye hajanunua viatu tangu nimalize shule. Akakaa mlangoni, kila baiskeli ikipita anasimama. Kila baiskeli, Dauda. Jua likazama anasimama. Na leo asubuhi unajua amesema nini? Hakusema umemdharau. Hakuweza kufikiria hivyo. Alisema umekufa. Amekuja na sukari ya matanga, amekaa kwa senge na koti jeusi, anangoja nimpeleke kwa mama yako akampe pole."

Mikono ya Dauda ilicheza, na kwenye kioo picha ikaruka.

"Shika vizuri!" Bashir alisema. Halafu akajirudi, akatabasamu kwa Nerima kama anavyotabasamu kwa mteja wa mkopo. "Dada, hii ni jambo dogo. Dauda, wewe mwambie mzee ulikuwa na malaria. Nani hana malaria? Mimi mwenyewe nitakuwa shahidi. Nitasema nilikupa dawa kwa mkono huu."

"Na mimi nitasema nilikubeba," Ochom akaongeza.

Nerima aliwageukia wote wawili.

"Sikilizeni ninyi," alisema. "Kwa mwaka mzima nimekaa barazani kwa senge nikishona, nikiwasikia mkipita na mapacha yenu na mashine zenu. Mara tano nimekuja hapa, nikasimama pale nyuma, nikaangalia huu upuuzi. Yule mama daktari wa kule juu, mwenye nywele fupi. Kiwiko cha mkono wa kushoto. Kina nini?"

Wakatazamana.

"Kiraka," alisema. "Kiraka cha mraba, kimeshonwa kwa uzi mweupe, vibaya. Jumapili kipo. Jumamosi hakipo, nguo ni nzima. Kwa kazi yangu sijaona kiraka kikitangulia tundu. Jumamosi ni hadithi ya zamani. Jumapili ni ya karibuni. Stesheni ya huku imechelewa, ya ng'ambo imetangulia, na ninyi mmechukua vipande viwili vya nguo mbili mkavishona pamoja, halafu mnashangaa suruali ina miguu minne. Hakuna anayeamkia jana. Rubani anakunywa chai Jumamosi kwa sababu Jumamosi bado hajafa!"

Mwalimu Mukhwana alifungua daftari. Midomo yake ilisogea. Akafungua nyuma, akarudi mbele. Watu hawa waliishi mpakani tangu wazaliwe. Walijua kwamba ukivuka hatua ishirini pesa inabadilika, bei ya sabuni inabadilika, hata karani anayekutukana anabadilisha lugha. Lakini waliamini kwamba picha ni kama jua, kwamba likichomoza Malaba limekwisha chomoza Tororo.

"Mungu wangu," mwalimu alisema, kama mtu aliyefiwa.

"Wewe ulijua lini?" Dauda aliuliza.

"Mwezi wa Agosti."

"Na ukaninyamazia?"

Hapo ndipo sauti ya Nerima ilipotaka kumtoroka, akaikamata. "Ulikuwa na furaha sana. Ulinishika mkono kutoka hapa mpaka kwa senge ukinieleza jinsi mtu anavyoweza kurudi kutoka mautini. Nikasema, mwache. Kila mtu ana ujinga wake. Sikujua kwamba wa kwako utakula mpaka kuku wa baba yangu. Na jana, Dauda, jana uliyokaa juu ya paa, hata haikuwa mpya. Umewaacha wazee wangu mlangoni kwa ajili ya kiporo."

Wakati huo sauti ya muziki ilianza, ile tarumbeta ya kutisha, na chombo kikapita gizani. Wanaume, kwa aibu, mmoja mmoja, wakainamisha shingo kando kuchungulia nyuma ya gauni lake. Hawakuweza kujizuia. Ndani ya televisheni kitu kilikuwa kinagonga mlango: ngo, ngo, ngo.

"Anafungua," Ochom alinong'ona. "Kapteni ameshika kitasa."

"Dada, tafadhali," Bashir alisema. "Dakika kumi tu. Halafu tuende wote kwa mzee, hata mimi nitakuja na kilo mbili za sukari."

Nerima alimtazama Dauda tu. Na Dauda, mikono kwenye bomba, alimtazama yeye, halafu macho yakateleza, upesi, kama panya anayevuka jiko, yakaenda kwenye kioo. Yakarudi. Lakini yalikuwa yamekwenda.

Nerima aliliona kosa hilo. Aliliweka kichwani mahali pake, pamoja na tarehe.

"Baba yuko kwa senge," alisema. "Akiambiwa hakuna matanga atachukua sukari yake arudi nyumbani. Basi la mwisho ni saa kumi na mbili. Firigisi hiyo kula wewe, au wape hawa. Kwetu hairudi."

Akatoka.

*

Alitembea katikati ya barabara, kichwa juu, kama mtu anayelipwa kwa kutembea. Mama mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akiuza ndizi alimsalimu, "Nyabo, mbona mbio?" lakini akampita. Alijidharau. Huo ndio ukweli ambao hakuwa na mtu wa kumwambia: kati ya wote aliowadharau katika chumba kile, wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, maana miguu yake ilikuwa inakwenda mbele na masikio yake yalikuwa yamebaki nyuma, yanangoja.

Akapita kinyozi. Akapita kisima. Hakuna kitu.

Sawa, alisema moyoni. Sawa kabisa. Aolewe na bomba lake.

Ndipo ikalipuka kelele ya wanaume kumi, kutoka nyuma ya duka la Bashir, sauti ya watu waliomwagiwa maji ya moto.

"Dauda! Picha! Dauda, wee! Rudi ushike! Dauda, mlango umefunguka hatuoni!"

Nerima hakugeuka. Alipunguza mwendo kidogo sana, kiasi ambacho mtu asingeweza kumshtakia.

Viatu vya raizoni, vya visigino virefu, havikuumbwa kwa kukimbia. Alivisikia vikija, kwa-kwa, kwa-kwa, halafu kishindo, halafu vikaja vikiwa mkononi. Dauda akamfikia, pekupeku, anahema, mkebe ameukumbatia kifuani.

"Nerima."

"Usiniguse."

"Sikugusi. Nitamwambia nini mzee?"

"Una malaria, si ndiyo?"

Walitembea hivyo, yeye mbele, Dauda hatua mbili nyuma, mpaka kwa Petronilla.

*

Mzee Okwara alikuwa amekaa palepale, koti limefungwa vifungo vyote. Alimwona kijana akiinama mlangoni, viatu mkononi, mavumbi mpaka magotini. Hakusimama.

"Hukufa," alisema.

"Sikufa, mzee."

"Ungekufa ningekusamehe." Aliliangalia lile koti lake, kana kwamba limemdanganya. "Basi sababu ni gani?"

Petronilla, ambaye alitaka arusi, alikohoa. "Kaka, labda alikuwa mgonjwa. Siku hizi malaria..."

Nerima alikaza macho ukutani. Kila kitu alichokuwa nacho, cherehani yake, ule mwaka mzima wa kusubiri, hata lile kovu la kidole gumba, vilikuwa vimening'inia kwenye jibu moja.

"Sikuwa mgonjwa," Dauda alisema. Alipiga magoti, jambo ambalo watu wa kwao hawalifanyi. "Nilikuwa naangalia televisheni, mzee."

"Televi—" Mzee alimgeukia binti yake. "Anasema nini?"

"Ile sanduku ya Bashir, baba. Yenye picha."

"Ulikuwa unaangalia picha."

"Ndiyo, mzee. Kulikuwa na mtu tulikuwa tunataka kujua kama amekufa au hajakufa."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Mtu wa wapi?"

"Hayupo, mzee. Ni hadithi."

Petronilla alifunika mdomo kwa leso. Mzee alinyoosha mkono, akaonyesha mkebe. "Na hiyo? Umeila?"

"Sikuila. Hii ilikuwa ya mtu aliyekuja. Mimi sikuja."

Mzee aliupokea. Akafungua, akaitoa firigisi, akaitazama, akaitia mdomoni mwake mwenyewe. Akaanza kutafuna. Ilikuwa imekauka, na meno yake hayakuwa mengi, kwa hiyo ilichukua muda. Alipomeza, alifuta mdomo.

"Na huyo mtu," alisema. "Wa hadithi. Alikufa?"

Nerima aliacha kuangalia ukuta.

"Sijui, mzee," Dauda alisema. "Mlango ulikuwa unafunguliwa. Niliondoka kabla haujafunguka."

Hakumwangalia Nerima alipokuwa akisema. Hakuongeza neno wala kupamba. Alisema kama mtu anavyotaja kitu alichokiangusha njiani, ambacho hatarudi kukiokota. Na Nerima, ambaye kichwa chake hakikusahau kosa la mtu yeyote, alilazimika kutafuta nafasi humo ndani ya kuweka kitu cha aina nyingine. Nafasi ilikuwa ndogo. Akakiweka.

"Jumamosi ijayo," mzee alisema, "utakuja Namboboto. Kuku utaleta mwenyewe. Mchinjaji utamleta mwenyewe. Kutoka Funyula utatembea kwa miguu, uone ni mbali kiasi gani. Nitakungoja saa... hiyo picha yenu huwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, baba," Nerima akajibu haraka, kabla ya mwingine.

"Saa kumi na moja kamili. Si saa kumi, si saa kumi na mbili. Na usifikiri nimekukubali. Nataka tu kukuona unafika." Alifungua kile kitambaa magotini mwake. "Petronilla, teleka maji. Hii sukari nimeibeba kwa ajili ya matanga yake, na mimi kitu cha matanga sikirudishi nyumbani kwangu. Tutainywa hapa, anatuangalia."

Chai ikaja. Nerima ndiye aliyemimina. Kwa baba yake vijiko viwili, kwa senge viwili. Alipofika kwenye kikombe cha Dauda alitia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kwa hasira, uso umekunjwa, kama mtu anayerudisha udongo kaburini. Halafu akakisukuma mbele yake, na kidole chake kikachelewa kidogo kuondoka pembeni ya kikombe, karibu na lile kovu.

Dauda alikiangalia, akaogopa kukigusa.

"Kunywa, marehemu," mzee alisema. "Inapoa."